Kwa Nini Sishushi Taa za Krismasi

Kama umekuja kucheka, ishia hapa. Haya yamenipata mimi, nyumbani kwangu Mshangano, nikiwa na akili zangu zote. Sikuota, sikunywa, sikuwa na homa. Mume wangu anajua ni kweli ila hataki kuyazungumza. Basi nitayazungumza mimi.

Wazo la taa lilikuwa langu. Nina kibanda cha vifaa vya simu Majengo, na kila mwisho wa mwaka taa za Krismasi zinaingia kwa wingi. Zile za kuwaka na kuzimika hovyo kila mtu anazo. Mimi nilitaka nyumba icheze muziki. Kuna kisanduku kidogo, kama cha kiberiti, kina tundu la kusikilizia kama la simu. Unakichomeka kati ya umeme na taa. Sauti ikiingia, taa zinaruka nayo. Sauti ndogo, kijani. Ikipanda, njano. Mtu akipiga kelele, nyekundu. Sauti ikikoma, giza.

Tulizifunga wiki nzima, mimi na Baba Otilia. Yeye juu ya ngazi, mimi chini nampa nyaya, mtoto amening'inia kwenye sketi yangu anatoa maelekezo. Tulizungusha taa kwenye kingo za bati, nguzo za baraza, mpaka kwenye mpapai. Kisanduku tulikipigilia juu ya mlango. Mwanzoni ilikuwa vurugu, taa zilifuata ngoma tu, waimbaji hazikuwasikia kabisa. Tukahamisha spika, tukapunguza besi, tukajaribu tena, mpaka kwaya ikipanda na nyumba inapanda nayo.

Majirani walijaa. Na kisanduku hakichagui, kinasikia kila kitu. Mama Rama wa nyumba ya pili alipiga chafya, nyumba nzima ikawa nyekundu.

"Haya makubwa," akasema. "Hapa hata umbea hausemeki, ukuta unatoa ushahidi."

Watoto walipanga foleni kuita majina yao, na wa kwanza kila jioni ni Otilia wangu, hajafika hata miaka mitatu. Huyo mtoto alikuwa anaongea, niamini. Akila anaongea, akioga anaongea, usingizini anaongea. Alisimama mlangoni akaiambia nyumba habari za kuku wetu, nyumba ikamjibu: kijani, njano, kijani.

Jina hilo sikulichagua mimi. Mimi ni mtu wa Njombe, huku nimeolewa. Kitovu cha mtoto hakijadondoka, wifi yangu mkubwa, Leokadia, akaja kutoka Peramiho akasema huyu ni mama yao amerudi, marehemu Otilia, na kwao ndivyo inavyokwenda. Nikauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. "Mtu mwema," akasema. Basi. Tangu hapo ukoo mzima unamwita mwanangu mama, na wanawake wenye jina hilo wanakuja kumbeba na kumletea sabuni. Wajina humnyimi mtoto. Hilo nilifundishwa mapema sana.

Sasa nisikilize vizuri. Jioni moja kabla ya sikukuu mvua ilikuwa imekatika, giza limeingia sasa hivi. Spika nilikuwa nimeiingiza ndani isilowe. Baba Otilia alikuwa ameenda mjini kutafuta waya. Nimekaa barazani nachambua maharage, Otilia anaimba vipande vya kwaya, taa zinamfuata. Nikasikia hodi.

Mama mtu mzima, kitenge kimefungwa vizuri, kikavu. Kikavu, na njia yetu yote ilikuwa matope. Hilo nilikuja kulifikiria baadaye. Pale niliona mgeni tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kumwona wajina wangu."

Wewe ungefanya nini? Nikamvutia kiti, nikampa mtoto. Otilia akamkalia mapajani bila kusita, akaanza habari za kuku. Kijani, njano, kijani. Akatua kupumua.

"Endelea, mama," yule mgeni akamwambia. "Nilikuwa na hamu ya kusikia."

Taa hazikuwaka.

Nikadhani kisanduku kimeingia maji. Nikakohoa. Zikaruka. Mgeni akanigeukia, akasema, "Umemlea vizuri. Ana sauti nzuri." Namsikia kabisa, kama ninavyokusikia wewe ukiongea na mimi, na nyumba ni giza tupu. Otilia akacheka, njano. Akanyamaza. Ndipo mgeni naye akacheka, cheko kubwa la mtu mzima, na hakuna hata taa moja iliyotikisika.

"Mama, samahani," nikasema, na taa zikaruka na mimi, "naomba mtoto, muda wake wa kuoga umefika."

"Acha amalizie."

Otilia alikuwa bado anahadithia. Naona midomo inakwenda. Lakini sauti ilikuwa inapungua, kama redio mtu anaishusha taratibu, na taa zinashuka nayo, kijani, kijani hafifu, mpaka kukawa giza na midomo bado inakwenda. Nikainuka, maharage yakamwagika. Yule mama hakumng'ang'ania. Alinikabidhi mtoto kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Asante, mwanangu," akasema.

Ilikuwa sauti ya Otilia wangu. Na taa zikawaka.

Nilikimbilia ndani, nikapiga komeo. Baba Otilia aliporudi alikuta kiti kitupu barazani, na mtoto mikononi mwangu analia machozi, mdomo wazi, bila sauti.

Hospitali tumekwenda mbili. Koo zima, kila kitu kizima. Mtoto akaanza kugonga sahani kwa kijiko akitaka kitu. Nilidhani kajitungia mwenyewe. Wifi Leokadia alipokuja kutuona, akasikia ule mpigo wa kijiko, akakaa chini palepale mlangoni.

"Nani kamfundisha?"

"Hakuna. Kwani vipi?"

"Mama aligonga hivyo. Mwaka wake wa mwisho ugonjwa ulimla koo, hakuwa na sauti. Alikufa anagonga."

"Na mlijua?"

"Nani asiyejua?"

"Mimi, wifi. Mimi sikujua."

"Tungekwambia, ungelikataa jina."

"Ndiyo, ningelikataa."

Akalia. Mimi sikulia naye. Watu wa ukoo waliomba misa, wakaenda kaburini na wazee, wakasema waliyosema. Mwanangu bado anagonga sahani.

Krismasi ilipopita Baba Otilia alileta ngazi ashushe taa. Nilimwambia akigusa waya mmoja nachukua mtoto naondoka. Kwa sababu kila jioni, spika iko ndani, hakuna anayesema neno, taa zinaanza zenyewe. Kijani, njano, kijani. Ni ule mwendo wa habari za kuku, sikutanii, naujua. Mimi sisikii kitu. Otilia anakaa pembeni yangu, mdomo kafumba, anaziangalia. Pasaka imepita, Mama Rama anauliza kama mwaka huu nimekodi Krismasi nzima. Acha aulize. Umeme ukikatika ndipo nateseka, maana sijui kama mwanangu anasema au amenyamaza.

Wewe unayeletewa jina la marehemu, uliza alikufaje. Usiridhike na "mtu mwema". Wifi akinuna, anune. Na mgeni akijiita wajina, mpe kiti, mpe chai, mtoto mshike mwenyewe mpaka ujue mgeni ametoka nyumba ipi.

Juzi jioni taa ziliwaka nyekundu, zikagoma kushuka. Otilia alikuwa kwenye mkeka anakula ugali wake, ametulia kabisa. Nilitoka nje kwenye mvua nikazunguka nyumba namwita, lakini kila nikiita taa zinaruka, siwezi kujua ipi ni sauti yangu na ipi ni yake. Nikajiziba mdomo kwa kanga. Nikasimama kwenye matope, kimya, namwangalia mwanangu analia kwenye taa.