Udongo wa Kumlaza Baba

Baba yangu alikuwa haogopi kufa, alikuwa akiogopa kulowa. Sisemi hivi kumcheka, Mungu amrehemu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na mie mwanawe ndiye niliyezungushwa huku na huku kwa ajili ya hofu hiyo. Ilianza siku alipokwenda kumzika rafiki yake, Mpemba mwenziwe ambaye kila Ijumaa baada ya sala walikuwa wakinywa chai pamoja na kubishana. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Aliporudi kwenye fleti yetu ya Kilburn, London, nilimwekea chakula, hakukigusa. Akanambia kaburi lilikuwa na maji. Wachimbaji walikuwa wameyavuta kwa pampu asubuhi, lakini jeneza lilipofika yalikuwa yamesharudi. Viunza, zile mbao tunazomfunikia maiti kabla ya kufukia, vilitaka kuelea, ikabidi mtu mmoja avikandamize kwa mguu huku wenziwe wakishindilia udongo.

"Mwanangu," akasema, "popote mtakaponitia nitieni. Lakini majini msinitie."

Moyo wake ulikuwa umeshaanza kuchoka, na daktari alikwishatuambia tusijidanganye. Kumrudisha Pemba hakutaka kusikia. Tuliondoka kule baada ya Mapinduzi, mie nikiwa mdogo wa kushikwa mkono na mdogo wangu wa kiume akiwa wa kubebwa, tukamwacha Mama kwenye makaburi ya kilimani. Baba alisema maiti haicheleweshwi, na kwamba yeye hawezi kuwekwa kwenye barafu siku kadha wa kadha kama jodari wa sokoni, ati akingojea ndege. Mdogo wangu yeye aliona sote tumepotoka. Kiswahili anakisikia vizuri lakini majawabu yake ni ya Kiingereza, na jawabu lake lilikuwa kwamba ardhi ni ardhi, na makaburi yaliyo karibu yanatosha.

Mie nina ugonjwa mmoja tangu utotoni: swali likinikamata sipumui. Pemba mvua inanyesha kwa vishindo kuliko London, na Baba aliapa kwamba katika makaburi yote aliyoshiriki kuyachimba kijijini kwao, hakuona hata moja lililotuama maji. Basi kwa nini hapa yatuame? Jumamosi nikashuka naye uani nyuma ya jengo letu, penye mapipa ya taka, akachota udongo kwa kijiko cha supu. Akauviringisha viganjani ukawa mrefu na mwembamba, akaukunja ukawa bangili. Haukupasuka hata kidogo. Akanivisha mkononi, akanambia huo ni wa wafinyanzi, si wa kulaza watu. Ulikuwa wa kijivu, mzito, na kuutoa kwenye kucha nilitumia mswaki.

Akanieleza wa kwao. Shamba lake la mikarafuu lilikuwa mgongoni mwa kilima, na juu yake msitu. Udongo wake ni tifutifu wenye mchanga, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, tena unakwenda chini mpaka mchimbaji anachoka kabla haujesha. Ukiufumbata ukiwa na unyevu unashikana kama tonge la wali, ukiligusa tonge kwa kidole linavunjika. Mchanga wake unapitisha maji, na ule ufinyanzi wake kidogo unaufanya ujishikilie. Huko kujishikilia ni jambo kubwa, maana sisi maiti tunamlaza kwenye mwanandani, lile shimo jembamba linalochimbwa ubavuni chini kabisa ndani ya kaburi. Mchanga mtupu hauchimbiki mwanandani, utamporomokea mchimbaji. Udongo wa mfinyanzi unachimbika, ukuta unasimama wima, lakini mvua ikija kaburi linageuka birika. Nikamwambia London imekalia mfinyanzi kila upande, huo wa kati na kati atampa nani? Akanijibu nipunguze maneno, nimtafutie kilima chenye msitu.

Kilima tulikuwa nacho pua na mdomo, sema hatujawahi kukitazama kwa jicho hilo. Tukapanda basi mpaka chini ya ile mbuga kubwa ya Hampstead, tukaanza kupanda polepole, Baba akipumzika kwenye kila benchi na mie nikichota kijiko kimoja hapa, kijiko kimoja pale. Chini kabisa, penye mabwawa, ulikuwa mfinyanzi ule ule wa bangili. Juu kabisa ulikuwa mchanga wa manjano unaomwagika baina ya vidole kama sukari. Nilistaajabu. Mlima mmoja, mtu mwenye afya anaupanda huku anazungumza, na udongo unabadilika chini ya miguu yake asitambue.

Tulipokuwa tunashuka kutafuta wa kati, mlinzi wa mbuga akatukuta, mwanamke mrefu mwenye mabuti, akatuuliza tunachimba nini, maana kuchimba pale ni marufuku. Ulimi wangu una haraka. Nikamjibu kwamba namtafutia baba yangu kaburi. Akamtazama Baba, ambaye alikuwa amesimama ubavuni pangu anamwamkia kwa tabasamu. Hapo nikajua nimeharibu. Nikaeleza upya, tangu viunza mpaka mwanandani, na alipoelewa alicheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akatuambia tufiche kijiko chetu tumfuate.

Alitupeleka katikati ya mteremko, ndani ya miti, penye mti mkubwa ulioangushwa na upepo. Ulikuwa umeng'oka na mizizi yake yote, ukaacha shimo ambalo ukuta wake mmoja ulinifika kifuani. Lo! Baridi niliisahau. Juu kulikuwa na tabaka jeusi la majani yaliyooza nusu nusu, mengine bado unayatambua ni majani ya mti gani. Chini yake ukanda wa kijivu kama majivu ya jikoni. Chini ya majivu, udongo wa rangi ya kutu, na mizizi ilikuwa imepenya humo mpaka pasipoonekana. Mlinzi alitueleza kwamba udongo ule ni mchachu. Mvua inapochuja kwenye majani yale inachukua uchachu, inateremka nao, inakiosha chuma cha juu na kukiacha chini, ndiyo ile kutu. Nyungunyungu hawaupendi, kwa hiyo majani hakuna wa kuyala, yanajilalia tu. Kangaga, mimea ile yenye majani kama manyoya, ndizo zinazoupenda, akatuonyesha zilivyojaa pembeni. Baba akanambia nimwambie kwamba chini ya mikarafuu yake kangaga zilikuwa hivyo hivyo.

Halafu akapiga magoti, mzee yule, akaanza kuuchokoa ukuta wa shimo kwa vidole. Akatoboa kijishimo cha ubavuni, ukubwa wa mkate. Akangoja. Dari yake haikuanguka. Mlinzi naye akawa ameinama anatazama, sote watatu tunalitazama tundu.

"Unasimama," akasema Baba. Sikuwa nimemwona na furaha ile tangu rafiki yake afe.

Lakini mbugani hawaziki watu, na ile habari ya uchachu ilinikaa moyoni. Jumatatu nilipotoka kazini, kule hospitali ninakopanga miadi ya wagonjwa, nikapitia maktaba nikatafuta kitabu cha udongo. Mengi yalikuwa ya wakulima, chokaa kiasi gani, viazi vipi. Katikati nikakuta maneno machache tu: kwamba udongo mchachu unaopitisha maji haubakishi mifupa. Inayeyuka taratibu kama kitu kilichotiwa kwenye siki, ikabaki alama nyeusi mchangani, na kwa kupita miaka hata alama nayo inafifia. Nikaogopa kweli kweli. Mama yangu yuko mbali na sijui kama nitasimama tena mbele ya kaburi lake. Nilitaka huyu mmoja niliyebaki naye awe mahali, abaki kitu. Mfinyanzi ungemlowesha lakini ungemweka. Nikarudisha kitabu, na nyumbani sikusema neno.

Baba alikuwa na rafiki Mhindi mwenye duka la nafaka mtaa wa Kenton, wametoka wote Chake Chake, na kwa kutaniana walikuwa hawana mpaka. Aliposikia shida yetu alimwambia Baba kwamba wao wanachoma, hawana haja ya kijiko. Lakini alikuwa na gari la mizigo, na msikitini Baba alikwishaambiwa kwamba nje ya jiji, upande wa Surrey, kuna makaburi ya Waislamu kwenye mteremko wa kichanga chini ya misonobari. Mwenye duka akaitazama miguu ya Baba iliyokuwa imeanza kuvimba, akasema udongo uwahi ungali maji, twende Jumapili hii hii.

Tukaenda. Palikuwa kimya, kangaga zimefika magotini. Msimamizi alituruhusu kuangalia lundo la udongo kwenye kaburi lililokuwa linachimbwa. Baba hakutaka nafasi ya chini wala ya juu, akaomba apelekwe kati. Akafumbata udongo, likawa tonge. Akaligusa, likavunjika. Akachungulia ndani ya kaburi, ukuta umesimama na chini pakavu, ingawa juzi yake ilikuwa imenyesha. Basi akaketi pale pale chini na koti lake la sala.

"Hapa," akasema.

Mtu mwenye akili angeshukuru. Mie nikapandwa na hasira, ile hasira ya mtu anayeona mwenziwe anafurahia kumwacha. Nikamwambia mbele ya rafiki yake: "Baba, udongo huu unakula mifupa. Hautabakisha chochote chako." Mwenye duka akageuza uso akajifanya anatazama miti.

Baba hakushtuka. Aliniuliza unaila vipi, nikamweleza yote niliyoyasoma, uchachu, maji yanayopita, siki. Alisikiliza kama mtu anayeambiwa leo nani aliyemwibia kuku wake miaka arubaini nyuma. Akasema kumbe ni uchachu! Kisha akasimulia kwamba makaburi ya kwao ni kijipande kidogo kilimani, na watu wamezikwa hapo tangu mababu wa mababu. Walikuwa wakichimba penye mzee wa zamani wasikute kitu, ila doa jeusi tu.

"Sisi tukisema ni wema wao, wamepokelewa wazima wazima," akasema. "Lakini pale pale kulizikwa mwizi wa mbuzi, naye hatukumwona."

Mwenye duka ndiye aliyeanza kucheka. Baba akacheka mpaka ikabidi nimshike asije akakosa pumzi. Aliponyamaza alinivuta mkono nikaketi naye kwenye ule udongo.

"Makaburi yetu hayajai, mwanangu. Ndio maana mama yako alipata nafasi ubavuni mwa mama yangu."

Tulikaa hapo mpaka mwenye duka akatukumbusha kwamba jua linatua mapema.

Baba alifariki baridi ilipokolea, asubuhi, na mvua ilikuwa inanyesha. Mdogo wangu akataka tumzike karibu, kwa sababu pale karibu iliwezekana siku ile ile, na Surrey ilikuwa lazima tungoje kesho yake. Tuligombana jikoni, maiti iko chumbani. Alinambia, naye macho yamemwiva, kwamba maiti haijui maji wala mchanga, na kwamba Baba mwenyewe ndiye aliyesema asicheleweshwe. Hapo alinishika, maana ni kweli. Nikamwambia usiku mmoja nitaubeba mie kwa Mungu, lakini wasia wa Baba kwetu ulikuwa mmoja tu, na kama atamtia majini asinihesabu dada yake. Kisha akachukua simu akawapigia Surrey.

Kesho yake wanaume wakaondoka naye. Kwetu wanawake hawaendi kuzika. Nilibaki kwenye fleti na wanawake wenzangu, msahafu mapajani, na mvua inapiga dirisha. Wao wanasoma, mie nasikiliza dirisha. Nilisoma mstari mmoja mara nyingi sijui hata niliusoma vipi. Nilijiambia kwamba wa kati na kati unapitisha, unapitisha, halafu mvua inazidi nami nakosa imani.

Walirudi alasiri. Wanawake wakamzunguka mdogo wangu kumuuliza nani walihudhuria, nani alisalisha, kama watu walikuwa wengi. Aliwajibu wote kwa adabu, akapenya katikati yao, akanifuata kwenye ukumbi nilikosimama. Nilifungua mdomo, akanitangulia. Kwa Kiingereza chake kile kile akanambia kwamba yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.

"Kabla hawajamteremsha niliingiza kiganja kwenye mwanandani, nikapapasa mwanzo mpaka mwisho," akasema. "Nilijua utaniuliza. Kulikuwa kukavu, dada."

Nilikuwa sijalia tangu afe. Nililia pale ukumbini kwa sauti, mpaka wanawake wakatoka mbio wakamgombeza mdogo wangu, ati kanambia nini.