Kilichokuwa Ndani ya Mfupa wa Mama Kunda

Mama Kunda alichoma michopo, nyama ya mbuzi, ya kuuza huko Annexe, pembezoni mwa mji, kwa miaka ishirini na sita. Mbuzi aliwachinja mwenyewe nyuma ya nyumba, na maini yenye malengelenge alimtupia mbwa wake, kama mama yake alivyofanya. Hakuna aliyeona ubaya.

Nyonga ya kushoto ilipoanza kumuuma, mdogo wake Mapalo, mjane asiye na mtoto, alihamia kwake. Ndiye aliyemwogesha na kumkanda mguu kwa maji ya moto kila asubuhi. Kwenye zahanati walisema ni kifua kikuu cha mifupa. Kunda akameza vidonge mwaka mzima, maumivu yakabaki palepale. Ndipo mwombezi mmoja wa mtaani akamnong'oneza: anayekushika mguu ndiye aliyeufunga.

Siku ya tatu baada ya hapo Kunda alimfukuza mdogo wake mbele ya majirani.

"Yaya," Mapalo alisema, akimwita dada mkubwa kama siku zote, "miye njo nakulogaka?"

Kunda akageuza uso. Mapalo akafunga nguo zake katika kitenge, akapanda gari la kwenda Kasenga.

Miaka mitatu baadaye Kunda aliinama kuokota ufagio, mfupa wa paja ukavunjika. Mwanawe Gauthier akampeleka mjini kupigwa skana. Daktari wa picha, Adalbert, alizitazama picha zake sana, akamwita mwenzake naye atazame, kisha akavuta kiti karibu na kitanda.

"Mama, unafugaka mbwa?"

"Niko naye, wa kulinda mbuzi."

"Hii haiko kifua kikuu. Ona hii mifuko ya maji, kidogo kidogo, imejaa mu mufupa. Ni kidudu. Mbwa anakipataka mu maini ya mbuzi yenye malengelenge, kinakaaka mu tumbo yake, mayai ya kidudu inaingia mu muntu kwa mikono, kwa chakula. Mu mufupa ni mara chache sana. Miye mwenyewe ni mara ya kwanza nakiona mu mufupa."

Kunda aliuliza jambo moja tu. "Docta, muntu anaweza kumutumia mwenzake hii kidudu?"

"Hapana, mama. Muntu hawezi."

Akafunika uso kwa kitenge. Daktari akadhani analilia mguu.

Mguu ulikatwa, maana mfupa ulikuwa umeliwa hadi nyongani. Alipoweza kuketi, Kunda alimwomba Gauthier ampigie Mapalo simu. Akamweleza yote, bila kujitetea.  Upande wa pili jogoo alisikika akiwika.

"Nimesikia, yaya," Mapalo alisema. "Pole na muguu. Lakini kule sitarudia. Bantu ya pale balishajua miye ni mulozi."

"Nitabaambia. Mumoja mumoja."

"Ubaambie. Miye nabakia huku."

Kunda aliwaambia. Alikwenda kwa magongo mlango hadi mlango. Wengine walisikitika, wengine walimjibu kwa upole kwamba hata kidudu hutumwa. Jibu hilo, alilolifundisha mwenyewe siku ile alipomfukuza mdogo wake, lilimuuma kuliko kisu cha daktari.

Siku hizi, kila Jumapili baada ya misa, humpigia mdogo wake. Huzungumzia mvua na mahindi. Mapalo hupokea, hujibu vizuri, na hukata mapema.