Neno Lililokosa Mwenyewe

Adelaïde hakuwa mtu mbaya. Inafaa kuanza na hilo, maana yeye mwenyewe siku hizi hataki kulisikia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Mushaki, kwenye barabara ya kutoka Sake kupanda Masisi. Mwanamke wa kuimba kwaya, wa kukuazima chumvi na kusahau kuidai. Na alikuwa na rafiki mmoja wa kufa na kuzikana, Bibiche, aliyeuza maharagwe kando ya barabara hiyo hiyo.

Bibiche alitoka Walikale, msituni, kwa baba mwindaji. Vita vilimkimbiza huko na wanawe, akaangukia Mushaki. Sekondari alikuwa ameimaliza sawa na Adelaïde, lakini sokoni hakuna anayeulizia diploma, na mgongo wake ulikuwa umeanza kugomea magunia. Basi iliposikika kwamba shirika la wageni linafungua kituo cha afya Kirolirwe, na kwamba wauguzi wake hawajui lugha nyingine ila Kiingereza, hao wawili wakaamua kujifunza Kiingereza pamoja. Salamu na kuhesabu walikuwa wanajua tangu shule. Walichokitaka sasa ni kile kigumu, chenye maneno ya watu waliosoma.

Kila alasiri Adelaïde alitoka darasani akaenda kukaa kwenye turubai la Bibiche. Wakachambua mawe kwenye maharagwe huku wakisoma maneno kwenye simu. Mwanzoni maneno yaliingia jioni, asubuhi yamekwisha kutoka. Ni Bibiche aliyepata dawa.

"Kwetu mu pori, mutego bila mwenyewe haiko," alisema. "Tulipokuwa batoto, Papa hakutuonyesha njia. Alituambia tu, hapa ni mutego ya fulani, pale ni ya fulani. Ukijua benyewe, haupotee. Na haya maneno, tuyape benyewe."

Wakayagawa. *Reluctant*, mwenye kusitasita, akapewa Papa Hubert, ambaye kapu la sadaka likimkaribia hushikwa na kikohozi. *Garrulous*, mpayukaji, akapewa Jean-de-Dieu kinyozi, aliyewahi kumwacha mteja na nusu kichwa akaenda kumalizia habari kwa jirani. *Thrifty*, mbana matumizi, akapewa Mama Pétronille, anayekwenda kuomba kaa la moto na kiberiti kiko mfukoni. Bibiche alikuwa na desturi yake: alifumba macho, akalitaja neno na mwenyewe mara mbili, basi, limekaa. Walicheka mpaka wateja wakafikiri wanachekwa wao.

Kisha ikaja habari kwamba Kirolirwe watamchukua mkalimani mmoja tu.

"Mumoja wetu akiingia, mwengine naye atakula," Bibiche alisema, akaendelea na maharagwe yake. Na alikuwa anamaanisha. Adelaïde akaitikia, lakini tangu siku hiyo akaanza kutafuta maneno peke yake asubuhi, kabla ya kengele ya shule. Hakumwambia mwenzake. Hapo ndipo alipokutana na neno *deceive*. Akalisoma mara ya pili, kwa mshangao. Mtu yeyote aliyesomea Kifaransa angeapa kwamba ni ndugu wa *décevoir*, kumvunja mtu moyo, kumfanya atarajie kitu asikipate. Kumbe sivyo. Kwa Kiingereza neno hilo ni kudanganya.

Alasiri ile ile Bibiche akalifikia.

"Hii haiombe mwenyewe," alisema kwa furaha, kama mtu aliyepunguziwa mzigo. "Ni décevoir tu ya mu Français. Njo vile?"

Adelaïde alikuwa ameshika kijiwe. Akakitupa pembeni, akachukua maharagwe mengine.

"Njo vile," alisema.

Maneno mawili tu, ndivyo hivyo, na ulimi hauna mfupa. Angeweza kuyarudisha dakika ile, na siku iliyofuata pia. Alijiambia kwamba mtego huu hakuutega yeye, ameukuta njiani. Alijiambia kwamba neno lenyewe huenda lisiulizwe kamwe. Mtu akitaka kujitetea mbele ya nafsi yake hakosi la kusema. Ila kila alipokaa kwenye lile turubai aliona haya, na haya hiyo akaificha kwa kucheka zaidi kuliko mwanzo.

Siku ya mtihani wa kazi, kule Kirolirwe, waliitwa mmoja mmoja kwenye chumba cha mbao. Bibiche alitangulia. Adelaïde alingoja nje kwenye benchi, na ubao hauzuii sauti. Mama wa kizungu aliuliza kwa nini wagonjwa wamwamini yeye. Bibiche akajibu kwa Kiingereza kizuri, kisichokwama, kilichomfanya Adelaïde ajivunie rafiki yake na kumwogopa papo hapo. Alisema anawajua watu. Alisema sokoni hapendi ku-*deceive* mtu, lakini siku nyingine, maharagwe yakikosekana, huwa ana-*deceive* wengi.

"Wengi?" mama yule aliuliza.

"Wengi sana," Bibiche alisema, bado kwa Kiingereza kile kizuri. "Lakini hawakasiriki. Wamenizoea."

Adelaïde aliinama akatazama viatu vyake. Angeweza kugonga mlango. Hakugonga. Zamu yake ilipofika aliingia, akajibu vizuri, akachukuliwa.

Kazi ilikuwa njema, na haikumpa raha hata kidogo. Mgonjwa alisema lake kwa Kiswahili au Kihunde, Adelaïde akaligeuza, muuguzi akamshukuru kwa uaminifu wake. Uaminifu! Neno hilo lilimchoma kila alipolisikia. Wachungaji wa ng'ombe walimletea maziwa, wamama wakamwita Mama wetu, naye alitamani angalau mmoja amtukane apate nafuu.

Aliporudi Mushaki mwisho wa juma, Bibiche alikuwa amemfungia maharagwe ya pongezi, yale mekundu mazuri. Hakuwa na kinyongo. Alidhani ameshindwa kihalali, na alikuwa na la kusema kwa Kiingereza, alilolitayarisha.

"*You did not deceive me*," alimwambia Adelaïde, akimshika mikono yote miwili. Hukuniangusha, ndivyo alivyotaka kusema. Halafu akaongeza kwa lugha yao: "Ni mimi niliku-*deceive* weye, dada. Tulisoma sote, kisha nikaanguka. Unisamehe."

Adelaïde alitaka ardhi ipasuke. Kuombwa msamaha na mtu uliyemkosea ni adhabu ambayo hakimu yeyote angesita kuitoa. Akapokea maharagwe, akasema asante, akaenda zake kama mwizi.

Pengine mambo yangeishia hapo, na wawili hao wangezeeka wakiitana dada. Lakini Bibiche hakuwa mtu wa kukata tamaa. Akapata habari ya kazi nyingine ya ukalimani, upande wa Minova, na akamtumia Adelaïde ujumbe wa sauti wenye furaha tele. Alikuwa amejiandaa. Lile jibu lake la soko atalitumia tena, maana lilikuwa jibu zuri, na huko hawamjui.

Adelaïde alisikiliza ujumbe ule mara nyingi. Kumrekebisha ni kujitaja. Kunyamaza ni kumwacha aingie mtegoni mara ya pili, akiwa ameongozwa na mkono wa rafiki. Aliomba ruhusa kazini, akapanda pikipiki ya asubuhi, akamkuta Bibiche kando ya barabara amevaa kitenge kipya. Dereva wa pikipiki aliyekuwa ampeleke Minova alikuwa anafunga mzigo wa abiria mwingine.

"Dada, lile jibu ya soko, uliache," Adelaïde alisema. "*Deceive* haiko décevoir. Ni kudanganya. Uliwaambia ya kuwa unadanganya bantu wengi, na bamekuzoea."

Bibiche alianza kucheka, maana kweli ilikuwa ya kuchekesha. Kisha kicheko kikafa.

"Weye uliijua lini?"

"Siku uliponiuliza."

"Na ukaniambia njo vile."

"Njo."

Dereva aliita. Bibiche akamwonyesha mkono, angoje. Hakupaza sauti wala hakulia. Alitazama tu turubai lake lililokunjwa, walipokaa alasiri zote zile, na Adelaïde akaona afadhali angepigwa.

"Basi nilikosea," Bibiche alisema mwishowe. "Hii neno nayo inaomba mwenyewe. Tuipe nani?"

Majina yalimjia Adelaïde haraka, ya muuza maziwa anayetia maji, ya wakubwa wanaoahidi mambo redioni. Akayaacha yapite.

"Unipe mimi," alisema.

Bibiche akafumba macho.

"*Deceive*, Adelaïde," alisema polepole. "*Deceive*, Adelaïde."

Kisha akafumbua macho, akapanda pikipiki, ikateremka kuelekea Sake.