Ndama Saba wa Ng'ambo

Mbukwenyi, jamaa zangu. Mliotoka mbali na msiojua Kigogo, jueni tu kwamba nimewasalimu. Naitwa Chilongani, mtu wa hapa hapa Zuzu. Jumbe ameniomba niseme nanyi kabla gari la moshi halijafika, kwa kuwa mnakwenda nilikokwenda mimi, kwenye kazi ya malale ng'ambo ya ziwa. Katika watu wa hapa ni mimi peke yangu niliyeugua ugonjwa ule nikarudi. Mkiona nimegeuza uso kando, msidhani nina maringo. Jicho la kushoto limekufa, la kulia linaona ukungu, kwa hiyo nawatazama kwa sikio.

Kabla ya kuugua nilikuwa na nguvu, tena nilizijua. Nilikuwa mtumishi wa boma. Nilimbebea Bwana Mganga, daktari wa serikali, sanduku la dawa, nikachemsha sindano zake, nikawashika wagonjwa waliokuwa wakipiga mateke. Nilikuwa na mke, Matika, ambaye amekaa pale na akina mama, na binti mmoja, Nyemo. Nyemo alikuwa ndiyo kwanza ameng'oka meno ya mbele. Kazi yake ilikuwa kuwapa ndama majina, na ole wako ukimwita ndama kwa jina lisilo lake.

Ndama wenyewe walikuwa wawili tu, na hawakuwa wetu. Walikuwa wa rafiki yangu, tumewekewa tuwalishe, kama ilivyo desturi yetu ya kutawanya mifugo kwenye mazizi ya watu mbalimbali. Wetu hatukuwa nao. Nilipokuwa mtoto sotoka, tauni ya ng'ombe, ilipita ikamaliza zizi la baba, ikamwachia jike mmoja mzee. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, akiomba maziwa kwa watu ambao zamani yeye ndiye aliyewapa. Kwetu mtu asiye na ng'ombe husalimiwa mwisho. Nilikua nikiliona hilo, likaniingia moyoni likakaa.

Ndipo serikali ikatafuta watumishi wa kwenda visiwani, ng'ambo ya Nyanza, mahali malale ilipokuwa ikiua watu vijiji kwa vijiji. Karani alitusomea masharti mezani. Mshahara utaongezwa nusu yake kwa sababu ya hatari na kwa sababu ya ng'ambo. Mkeo atapewa sehemu yake bomani kila mwezi. Ukiugua kazini utatibiwa bure na mshahara hautakatwa, ila ile nyongeza ya ng'ambo itakoma siku utakayorudishwa bara. Ukifa, mkeo atapata kitu. Nilitia kidole gumba kwenye wino kabla karani hajafunga mdomo.

Siku ya kuondoka ndugu walikusanyika uani kwangu. Nilisimama mlangoni pa zizi, nikashika ule mti wa kufungia, nikasema mbele yao wote, "Fedha ya ng'ambo yote iwe ndama. Asiuze mtu, asichinje mtu, mpaka nirudi."

Matika akauliza, "Na mvua isiponyesha?"

"Ng'ombe watakuwepo."

"Watakuwepo wa kuliwa au wa kutazamwa?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikamwambia, "Wa kutazamwa kwanza. Nimechoka kutazama zizi tupu." Kisha nikamkabidhi neno langu kaka yangu, Mlewa, alilinde. Ninyi Wagogo wenzangu mnajua neno la mwenye zizi likisemwa mlangoni pale lina uzito gani. Akiwa safarini, halina wa kulifungua. Wageni mtalijua sasa hivi.

Pamoja na Bwana Mganga tulitembea siku nyingi mpaka ziwani, tukapanda chombo, nikatapika njia nzima. Kambi ilikuwa juu ya kilima kisiwani. Asubuhi wagonjwa walijipanga wapigwe sindano. Wengine waliletwa wamefungwa kamba, kwa sababu malale ikipanda kichwani mtu hupiga watu. Mchana tulifyeka vichaka vya ufukweni, kwenye mbung'o wengi. Mbung'o mmoja aliniuma shingoni, nyuma. Pakavimba kama jipu, pakawasha, pakapoa. Nikasahau.

Baada ya wiki kadhaa homa ikaja, ikaenda, ikarudi. Kichwa kikaniuma hata kugeuka ilikuwa taabu. Ngozi ikaniwasha mwili mzima. Halafu siku moja nikinawa nikagusa shingo, nikakuta matezi yamepangana kama punje za kunde. Jamaa zangu, nilijua ni nini. Kazi yangu ilikuwa kuwashika watu shingo zao Bwana Mganga akiyapapasa matezi hayo hayo.

Nikafunga kitambaa shingoni. Nikasema ni baridi ya ziwa.

Sikuogopa kufa. Niliogopa kurudishwa bara, nyongeza ikome. Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba kila miezi miwili ng'ambo ni ndama mmoja, na walikuwa wamefika watatu. Nikajiambia nifikishe watano, kisha nitasema. Watu wa pwani wana msemo, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa kabla kifo hakijafika. Usingizi ulianza kunikamata mchana, nimesimama. Mikono ikatetemeka. Nikawa nacheka pasipo cha kuchekesha, na mate yananitoka. Siku moja nililala na tonge mdomoni, mbele ya watu. Nilipoamshwa nikaenda kazini, nikaangusha sindano ya kioo, ikavunjika miguuni pa Bwana Mganga.

Hakunigombeza. Alinyoosha mkono akafungua kitambaa.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi, Bwana."

Alinipapasa, akatoboa tezi, akatia maji yake chini ya kile kioo cha kukuzia. Alipoinua kichwa akasema, "Chilongani, wewe ni mwongo. Haya ni ya miezi. Kwa nini?"

Nikamwambia habari ya ndama. Akasema, "Hutarudishwa bara. Utalazwa hapa hapa, ng'ambo. Nyongeza yako itaendelea." Ndugu zangu, nilikuwa nimeficha ugonjwa kwa ajili ya kitu ambacho nisingekipoteza. Masharti niliyasikia, lakini sikuuliza.

Dawa ile ilikuwa kali. Walinichoma chini ya ngozi ya mgongo, na kila walipochoma pakawaka moto. Tumbo lilisokota. Nilihara, nilitapika nyongo, nilijikojolea. Aliyenisafisha alikuwa msaidizi mkuu wa mganga, Mzee Saidi, mtu wa pwani mwenye ulimi mkali na mikono laini. Nilikuwa nikimwambia, "Shikamoo, Mzee," naye hujibu, "Marahaba. Umenuka leo kuliko jana, ndiyo dalili ya uzima."

Yeye ndiye aliyeniokoa na usingizi. Alijua mgonjwa wa malale akiachwa alale mchana kutwa hushindwa hata kula. Alinikalisha juani, akanipiga kofi kidogo, akasema, "Nihesabie ng'ombe wako."

Nikawahesabu. Nikawapa rangi. Mwekundu mwenye baka jeupe. Mweusi. Wa kijivu mwenye pembe zilizofungana. Barua ya boma ilipokuja, Bwana Mganga alinisomea kwamba mke wangu amepokea mshahara, nami nikaongeza mmoja. Nikafikiri Nyemo amewaitaje. Nilikula kwa sababu ya ng'ombe wale. Nilikubali sindano kwa sababu yao. Wenzangu waliolazwa pamoja nami walizikwa mmoja mmoja, nami bado nahesabu.

Kisha ukungu ukaingia machoni. Nilidhani ni moshi wa jikoni. Mzee Saidi alinyoosha vidole mbele yangu akauliza ni vingapi, nikasema hakuna. Akamwita Bwana Mganga, naye akanipima macho. Aliniambia ukweli, "Dawa imekula macho yako. Nikiendelea utakuwa kipofu kabisa. Nikiacha, huenda malale ikarudi." Nikamwambia aache. Jicho moja likafa, la pili likabakia hivi mlivyosikia. Malale haikurudi. Matezi yalinywea, mikono ikatulia, nikaanza kulala saa wanazolala watu. Mzee Saidi alinifariji, "Heri kufa macho kuliko kufa moyo." Siku nilipoondoka alinikatia fimbo, akanifundisha kupapasa njia kwa ncha yake.

Nilirudi na msafara wa wapagazi, nimeshika mzigo wa mtu wa mbele yangu. Mwaka ule mvua haikunyesha Ugogo. Sikuhitaji macho kulijua hilo. Ardhi iligonga mguu.

Nilifika kwangu kabla ya adhuhuri. Nikasikia ng'ombe. Nikaenda moja kwa moja zizini, nikaingia, nikawapapasa. Walikuwa mifupa mitupu, lakini walikuwa saba. Saba, jamaa zangu. Nililia kwa furaha. Nikaita, "Nyemo! Njoo unitajie majina!"

Matika ndiye aliyekuja. Alisimama mlangoni pa zizi. Akasema, "Mbukwa, baba Nyemo."

Nikauliza, "Mtoto yuko wapi?"

"Alikufa. Miezi mitatu sasa."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Njaa."

Aliniambia akiwa amesimama, na sauti yake ilikuwa tambarare. Akiba ya uwele ilikwisha. Majike wa majirani walikauka maziwa, na rafiki yangu alikuwa amewachukua wale ndama wake wawili. Wafanyabiashara wa Kondoa walipita na punda wamebeba mtama, wakaweka mizigo pale penye kisima. Siku hiyo hiyo Matika alikuwa ametoka bomani kupokea mshahara wangu. Alipita mbele ya ile mizigo ya mtama na fedha yangu imefungwa kwenye pindo la nguo yake. Akaenda kumkabidhi Mlewa, inunuliwe ndama wa saba.

"Nilikwenda kwa shemeji mara tatu," akasema. "Nilimwambia tuuze hata mmoja. Alinipa nusu ya chakula cha watoto wake. Lakini ng'ombe, alisema mwenye neno yuko ng'ambo, anaumwa, huenda anakufa. Akasema, 'Nikilivunja neno lake naye akafa, nitamwambia nini?'"

"Na wewe? Fedha ilikuwa mkononi mwako."

Hapo ndipo sauti yake ilipokatika. "Barua ilisema unaishi kwa kuwahesabu."

Kumbe Bwana Mganga, kwa wema wake, aliandika hivyo bomani, karani akamsomea Matika. Mke wangu aliogopa kwamba akiuza ng'ombe mmoja, mimi huko nitakufa. Alinichagua mimi, naye hakujua kwamba anachagua. Na Nyemo, hata alipokuwa hawezi kusimama, aliomba abebwe mpaka zizini awaone ndama wa baba. Alikuwa amewapa wote majina.

Kaka yangu alikuja jioni ile, akakaa chini nje, hakuthubutu kuingia. Nilitaka kumlaumu. Lakini neno alilolilinda lilikuwa langu. Kesho yake niliwauza wawili kwa mtama, tukagawana na watoto wa Mlewa. Matika alipika, akapakua, akaniongoza mkono mpaka kwenye sahani. Yeye hakula siku ile. Wengine wanne walikufa kwa ukame. Amebaki mmoja, naambiwa ni wa kijivu. Nimeukalia uchungu huu miaka, wala sitawadanganya kwamba umepungua.

Nashukuru. Namshukuru Mulungu kwa kunirudisha. Namshukuru Bwana Mganga aliyeacha dawa kwa wakati, na Mzee Saidi aliyenisafisha kama mama. Nashukuru kwamba serikali ilinilipa kila ilichoniahidi, hilo nalisema wazi, na hata leo hela kidogo ya jicho langu naipata. Namshukuru kaka yangu kwa nusu ya chakula cha watoto wake. Zaidi namshukuru Matika, ambaye bado ananishika mkono. Mungu ametupa mtoto mwingine, mvulana, naye akishiba huwa mimi nalala vizuri.

Basi ninyi mnaokwenda, jipeni moyo. Malale inapona ikiwahiwa. Mbung'o akikuuma, onyesha. Tezi likitokea, onyesha siku hiyo hiyo, usifunge kitambaa. Usingizi wa mchana usiuonee haya. Masharti yakisomwa, uliza mpaka karani achoke. Na jicho likiona ukungu, piga kelele.

Lakini hayo mtaambiwa na waganga. Hili nalisema mimi. Kila mmoja wenu jana alisimama mlangoni pa zizi lake au nyumba yake, akatoa neno juu ya fedha ya ng'ambo. Ninawajua, nami nilikuwa kama ninyi. Wake zenu wapo hapa, na ndugu zenu wapo. Lifungueni neno hilo sasa, kwa midomo yenu, wasikie. Mwambieni kila mmoja mkewe, njaa ikija, uza hata ng'ombe wa mwisho, ule, umlishe mtoto.

Gari la moshi limeshapiga honi kule Dodoma, nimelisikia. Semeni. Macho yangu hayaoni ni nani amenyamaza, lakini nitasikia.