Protini ya Debe la Kaka

Dada yangu alikuwa mtafiti wa maziwa, na nyumbani tulimwita Profesa kwa kumtania, maana hata chai hakuinywa kabla ya kuikagua. Aliinamisha kikombe, akatazama utando ulivyokaa juu, kisha akatuhubiria habari za protini mpaka chai ikapoa. Mara nyingi nilimwambia kwamba maziwa ni ya kunywa, si ya kusomea. Alicheka tu. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na maabara.

Utafiti wake ndio uliobadilisha ushirika wetu wa wafugaji. Zamani maziwa yalinunuliwa kwa ujazo, na watu wakayatia maji bila haya. Yeye akashauri yanunuliwe kwa wingi wa protini, na mashine ya kupimia ikaletwa. Maziwa yaliyopata alama za juu yalipelekwa hospitali, wodi ya watoto waliodhoofu, wale waliobaki ngozi na mifupa. Dada alikuwa akienda mwenyewe kuwatazama wakipimwa uzito.

Sasa ikawa uzito hauongezeki. Wanakunywa, wanamaliza vikombe, na mizani imekaa palepale. Kasichana kamoja kalikokuwa kakimshika dada kidole kila akifika, kakafa. Siku hiyo alirudi nyumbani, akaketi na viatu vyake miguuni mpaka giza likaingia.

Mashine ilisema protini ni tele. Dada akaacha kuiamini, akarudi kwenye njia ya jikoni. Alichukua maziwa ya kila mfugaji peke yake, akazipa chupa namba tu ili asije akampendelea mtu, akayapasha moto, akayakamulia ndimu, akayachuja. Protini ya maziwa, kwa sehemu kubwa, ikikutana na ndimu huganda. Haina pa kujificha. Mimi nilikuwa namshikia kitambaa. Kila chupa iliacha donge la kueleweka, isipokuwa moja. Hiyo iliacha kitu kisichojaza kijiko, na ndiyo iliyokuwa ikiongoza kwa alama za mashine. Tulipoangalia namba ni ya nani, ilikuwa ya kaka yetu mkubwa.

Kaka ndiye aliyetulea baada ya wazazi kufariki. Ng'ombe wake ndio waliomsomesha dada mpaka akafika alipofika. Nilimsihi dada tumwendee kaka kwanza tuyazungumze kifamilia, naye hakubisha. Nadhani alikuwa akimwomba Mungu vipimo vyake viwe na kosa.

Tulimkuta zizini anakamua. Hakukana. Alisema ukame umewachosha ng'ombe, maziwa yamekuwa mepesi, alama zimeshuka, naye maji yamemfika shingoni. Ndipo akaanza kukoroga mbolea ya urea kidogo kwenye maji na kuyamimina ndani ya debe. Dada akamuuliza ni nani aliyemfundisha ujinga huo.

"Wewe," kaka akasema. "Siku ile mezani. Ulisema mashine haiioni protini yenyewe, inahesabu naitrojeni iliyomo ndani yake tu, na hata mbolea, kwa kuwa nayo ina naitrojeni, ingeidanganya. Tukacheka wote."

Ni kweli, tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Husemwa mdomo huponza kichwa, lakini huu wetu uliponza vichwa vya watoto wa watu.

Kaka akaapa hatarudia. Akamwomba mdogo wake amsitiri, yaishe humohumo zizini. Dada alikuwa analia, na nilimwona anataka kukubali. Damu ni nzito kuliko maji. Kisha akauliza jambo moja, tena kwa sauti ya chini: yule mjukuu wa kaka anayelelewa hapo nyumbani kwake anakunywa maziwa gani?

Kaka akainamisha kichwa. "Ya mtoto nayatoa kwanza," akasema. "Kabla sijachanganya."

Dada akatoa simu, akampigia meneja wa ushirika palepale, kaka akimtazama. Akataja debe ni la nani na ndani kumetiwa nini, akaomba wodi isipewe hata tone jingine. Akaambiwa arudie jina. Akalirudia.

Kaka akasimama, akajifuta mikono, akatoka bila kututazama, akamwacha ng'ombe katikati ya kukamuliwa. Mnyama akaanza kulia, kiwele bado kimejaa. Dada akaketi kwenye kigoda, akashika chuchu, akavuta. Hakikutoka kitu. Shahada zote zile za maziwa, na kukamua hajui, kwa sababu kaka hakuturuhusu hata siku moja kugusa kiwele. Alisema mikono yetu ni ya kalamu. Akavuta tena, analia, anamwomba ng'ombe samahani. Mimi nilisimama kando tu, maana na mimi sikujua.