Pompier Hatupi Moto Hewani

Siku Naomie alipoingia saluni akakaa bila kutaja mtindo wa nywele, Laure alijua ameletwa na neno. Saluni iko Mulongwe, hapa Uvira, kwenye barabara inayoteremka kuelekea ziwani, na Naomie hakuwa mtu wa kupoteza muda pale. Alingoja mteja wa mwisho asukwe na kuondoka, akatazama mlangoni, ndipo akasema.

"Kuna muntu iko kwetu. Anasema iko Thaddée."

Laure aliweka kitana mezani. Thaddée alikuwa kifungua mimba wa mama Pétronille wa Kimanga, kaka yake Naomie, na jirani ambaye Laure alikua naye ua kwa ua. Wakati wa vita vya mwaka tisini na sita, watu walipokuwa wanagombania boti za kukimbilia Tanzania pale bandarini Kalundu, kijana huyo alisukumwa na umati akaingia ndani ya boti, mama yake akabaki nchi kavu na mtoto mgongoni. Boti ikaondoka. Tangu siku ile hakuna aliyemwona, ila mama Pétronille alikataa katakata kumwombea misa ya marehemu.

"Na mama anasema nini?" Laure aliuliza.

"Mama amekwisha kumpokea. Anamkaangia samaki wa mukeke kila siku. Macho yake haioni vizuri tena, Laure, weye unajua. Muntu yeyote akisema ni mtoto wake, atamkubali. Minye simjui, nilikuwa mgongoni. Weye ulikuwa unacheza naye. Njoo umtazame."

"Alama yoyote hana?"

"Anajua jina la babu. Anajua jiko la zamani lilikuwa wapi. Lakini ile inaweza kuhadithiwa. Kambini Tanzania watu wanalala mkeka mmoja, wanahadithiana maisha yao mpaka yanaisha." Naomie alishusha sauti. "Na tangu maji ya ziwa yapande, kila muntu anatafuta kiwanja cha juu. Mama iko na kimoja. Mbona huyu amekuja sasa?"

Laure alikwenda kesho yake. Alimkuta mwanaume mnene mwenye mvi kidevuni, ameketi kwenye kibaraza na mama Pétronille, wanachambua maharage. Kovu lilikuwepo juu ya nyusi, pale Thaddée alipoangukia jiwe la kusagia. Lakini makovu ya nyusi yako mengi duniani. Alichokisikia Laure kwanza ni namna ya kusema. Mtu huyu alisema "mimi" na "wewe" kama watu wa Kigoma, si "minye" na "weye", na asubuhi alimwamkia mama yake "shikamoo", kitu ambacho huku hakisemwi. Mama Pétronille hakujua aitikie vipi, akawa anacheka tu.

"Laure," mgeni alisema kabla hajatajiwa jina. "Laure wa Sista."

Sista lilikuwa jina la utotoni, na halikutoka kanisani. Kisha Laure akajiuliza: Naomie si alijua ninakuja? Huenda alinitaja. Akakaa, akanywa chai, akauliza habari za kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na za tanuri la mikate alilofanyia kazi Kigoma. Kila jibu lilikuwa sawa, na hilo ndilo lililomsumbua. Aliondoka hajui kitu.

Jina la Sista lilitoka kwenye mashine. Zamani zile mfanyabiashara mmoja, mzee Itangishaka, alileta kutoka Bujumbura mashine ya michezo ya kupigana: kabati refu la mbao lenye kioo, leva mbili na vifungo. Aliiweka kwenye stoo yake karibu na soko, ikaendeshwa na jenereta, na watoto wa Uvira wakapoteza akili. Majina ya wapiganaji yaliandikwa kwa herufi za Ulaya, lakini hakuna aliyeyasoma. Watoto waliwapa majina yao. Mwanamke mwenye kitambaa cha buluu kichwani wakamwita Sista, na Laure akamchagua huyo hata alipopigwa. Mwanaume wa suruali ya rangi ya chungwa, aliyetupa moto kwa viganja, wakamwita Pompier, kwa kuwa pompier kazi yake ni kuzima moto na huyu alikuwa anauwasha. Pompier alikuwa wa Thaddée. Hakuna mwingine aliyethubutu kumgusa akiwepo mwenyewe.

Miaka hii kuna ukumbi mwingine wa michezo, wa Placide, nyuma ya kituo cha pikipiki. Laure alipita mbele yake mara nyingi bila kuingia, kwa sababu wanaoingia ni vijana wanaocheza mpira wa kwenye televisheni. Lakini mteja wake mmoja alikuwa amemwambia kwamba Placide amepata michezo ya zamani, ile ile ya kwenye makabati. Siku ya pili baada ya kumwona mgeni, Laure alifunga saluni mapema akaingia.

Placide alimpokea kwa mashaka, akidhani amekuja kumfuata mwanawe. Alipoelewa, akafurahi. Alimwonyesha kwenye televisheni orodha ndefu ya picha. Kampuni yenyewe, alisema, imekusanya michezo yake yote ya zamani ndani ya mkusanyo mmoja na kuiuza upya. Unaweza kuchagua picha safi, au ya mistari kama kioo cha zamani. Ukipigwa, unaweza hata kurudisha nyuma. Laure alisogeza taratibu, na ghafla akauona mchezo wenyewe: Sista na kitambaa chake.

Placide alimpa kibao chenye leva. Laure akamchagua Pompier, ili aone kama mikono yake inakumbuka alivyokuwa anapigwa na Thaddée. Akazungusha leva, Pompier akatupa moto. Akaruka, akazungusha tena angani kama Thaddée alivyofanya siku zote, ule moto uliokushukia kichwani nawe ukakosa pa kukimbilia. Pompier akatoa mguu tu. Akajaribu tena. Mguu.

"Hii uliyotuletea ni ya bandia," Laure alisema.

"Ya bandia? Hii imetoka kwa wenyewe."

"Pompier anatupa moto akiwa juu. Minye nimekulia kwenye ile mashine."

Placide alicheka, kisha akaona Laure hacheki. "Dada, iko hivi. Pompier hatupi moto hewani. Hajawahi kutupa, kokote. Mashine yenu ndiyo ilikuwa ya bandia. Zamani watu walikuwa wanabadilisha zile plaki za umeme za ndani, wanaongeza maajabu, wanauza. Hii ndiyo ya kweli, jinsi ilivyotengenezwa."

Laure hakumwamini mara moja. Alimwomba amwonyeshe, na Placide akafungua kurasa za maelezo ndani ya mkusanyo, mapigo yote ya Pompier moja baada ya jingine. La hewani halikuwepo.

Alirudi nyumbani akilifikiria jambo hilo. Kama mgeni alijifunza mchezo huu Kigoma, kwenye mkusanyo kama huu, basi amejifunza ule wa kweli, na mikono yake haitatafuta kitu kisichokuwepo. Anayeweza kuutafuta moto ule ni aliyesimama kwenye stoo ya Itangishaka. Hakumwambia Naomie. Hakumwambia hata Placide sababu ya maswali yake, kwani Uvira neno likitoka mdomoni linafika Kalundu kabla ya mwenyewe.

Jumapili baada ya misa, Laure alimwambia mgeni amsindikize mahali. Mgeni alikubali, lakini walipofika mbele ya ukumbi, akasimama.

"Naomie ndiye amekutuma," alisema.

"Amenituma nikutazame. Hapa nimekuleta minye mwenyewe."

"Mnanipima." Alitazama kibao cha mlangoni, kilichochorwa mpira na bunduki. "Tangu nifike, nikinywa maji napimwa. Nikikohoa napimwa."

"Weye ungefanya nini mahali pangu?"

Mgeni aliinama kwenye mlango mfupi akaingia. Laure alimwona akikunja na kukunjua mkono wa kulia, akashindwa kujua kama ni woga wa mwongo au wa mtu aliyechoka.

Placide akawasha. Mgeni akamchagua Pompier, na Laure akajiambia hilo si kitu, kwani yeyote aliyehadithiwa habari za Thaddée angemchagua Pompier. Yeye akamchukua Sista. Mchezo wa kwanza mgeni alicheza kama mtu anayetembea gizani, akabonyeza hiki na kile, Sista akamwangusha upesi. Vijana wawili waliokuwa nyuma wakacheka. Laure alikuwa anafikiria atamwambiaje mama Pétronille.

Mchezo wa pili, Laure akamsukuma hadi pembeni. Nguvu ya Pompier ilikuwa imebaki kidogo sana. Hapo mgeni akaacha kutazama vidole vyake. Akamrusha Pompier kinyumenyume, akazungusha leva angani, akagonga kifungo. Mguu ukatoka. Akaruka tena, kinyumenyume, akazungusha. Mguu. Mara ya tatu Sista akamdaka akishuka akamtupa chini, mchezo ukaisha. Mgeni hakutazama hata jina la mshindi. Alikuwa ameshika leva, anaitikisa, anaitazama chini yake.

"Leva yako iko na shida," alimwambia Placide. "Minye nazungusha, haitoki."

"Nini haitoki?" Laure aliuliza.

"Moto. Moto wa juu. Si unajua."

Placide alifungua mdomo aeleze. Laure alimgusa mkono, anyamaze.

Hata hapo shaka haikumtoka yote. Alijiuliza kama Thaddée wa kweli, kambini, hangeweza kumhadithia rafiki yake habari za moto wa hewani. Angeweza. Lakini rafiki aliyehadithiwa angeutafuta mwanzoni, ajionyeshe. Huyu aliutafuta alipokuwa anakufa, bila kufikiri, na alikasirikia leva. Laure alikumbuka kijana mwembamba akilipiga kabati la Itangishaka kwa goti kila aliposhindwa. Akamwambia, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa, "Yaya, twende tukae nje."

Walikaa kwenye benchi la waendesha pikipiki. Laure alimweleza yote, mashine ya bandia na mkusanyo wa kweli. Thaddée alisikiliza, akacheka kidogo, kisha akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Basi nimekubalika kwa sababu nimeshindwa," alisema.

"Kwangu. Lakini nataka kujua kitu kimoja. Miaka yote hiyo ulikuwa wapi? Kigoma si mwisho wa dunia. Boti zinakwenda na kurudi."

Thaddée alisema kambini aliambiwa na mtu wa Kimanga kwamba nyumba yao ilipigwa bomu na wote wamekufa. Aliamini, akaoa, akapata watoto. Miaka michache iliyopita, msafiri wa Uvira alimwambia mama yuko hai, akamtafutia namba ya simu ya nyumbani. Akapiga.

"Akapokea mwanamke. Nikasema mimi ni Thaddée, mtoto wa nyumba hiyo. Akanitukana. Akasema matapeli kama mimi anawajua, kesho nitaomba hela za matibabu. Akakata. Nikapiga tena, nikakuta nimezuiwa. Nikajiambia labda mama ameambiwa, na amekataa. Nikakaa na hiyo. Safari hii nimekuja kwa sababu nilisikia ziwa limeingia Kimanga, nikaogopa atakufa maji bila mimi kumwona."

"Mwanamke huyo ni nani?"

"Laure, mwanamke gani mwingine anapokea simu ya mama?"

Laure alimkuta Naomie uani anafua. Alimsimulia ya Pompier kwanza, na Naomie akatikisa kichwa; mchezo wa watoto, alisema, si cheti cha kuzaliwa. Ndipo Laure akamtajia simu. Naomie aliendelea kukamua kitenge kilekile, muda mrefu, hata kilipokuwa hakina maji tena.

"Kila juma kulikuwa na muntu anapiga," alisema hatimaye. "Mmoja alisema ni baba, na baba tulimzika. Ningejuaje?"

"Usingejua."

"Na weye umemwambia mama?"

"Hapana. Hiyo si yangu ya kusema."

Naomie aliketi kwenye kigoda. Laure aliona sasa kwa nini alikuwa amemtaka mgeni awe mwongo kwa nguvu namna ile. Tangu siku alipofika na kutaja jina lake kwa sauti ileile ya kwenye simu, Naomie alikuwa anajua, au anaogopa kujua.

Naomie mwenyewe alimwambia mama yake jioni ile, Thaddée akiwepo. Mama Pétronille hakupiga kelele. Aliomba apelekwe kitandani, na kwa siku kadhaa alikula tu chakula kilichopikwa na mtoto wa kiume, ambaye mbali na mikate hakujua kupika chochote. Ndipo asubuhi moja akamwita Naomie amsuke, na Naomie akakaa nyuma yake akimsuka polepole.

Thaddée alirudi Kigoma akaleta mke na watoto wawili wadogo. Kwenye kile kiwanja cha juu walijenga vyumba na tanuri, na karatasi za kiwanja zikabaki kwa jina la mama, kwa matakwa ya Thaddée mwenyewe. Naomie alimletea matofali kwa toroli. Kwa miezi alimwita "bwana", na mara moja moja, katikati ya kazi, alimuuliza swali kama la bahati mbaya: mlango wa kuku ulitazama wapi, ni nani alimpa jina mbwa. Thaddée alijibu kila mara bila kuweka chini mwiko wa kujengea. Mengine alikosea, na Naomie akamsahihisha kama alivyosikia kwa mama.

Tanuri lilipowashwa, alikuja mwanamke kutoka Mutarule kununua mikate ya kwenda kuuza. Akamuuliza Naomie huyu mwokaji ni mtu wa wapi, mbona anasema kama Mtanzania. Naomie alikuwa anahesabu mifuko. Akasema, bila kuinua kichwa, "Iko wa hapa. Ni yaya yangu."