Musyimi wa Mitambo na Mazishi ya Kiema

Musyimi alinisingizia kwa maikrofoni, mbele ya watu kama mia nne, siku tunamzika bwanangu Kiema. Miaka mitatu sikuitikia salamu yake. Watu wananiambia, Mama Ndunge, msamehe, huyo ni mtu wa kanisa. Na mimi ni mtu wa nini?

Wacha niwaambie ni nani, nisisemwe ninachukia mtu nisiyemjua.

Alizaliwa Matiliku. Baba hakuonekana, mama yake alikuwa anauza mboga. Shule aliachia darasa la sita. Mimi niliachia la tatu, kwa hivyo hapo simcheki. Akili anayo. Alianza na redio za watu: anafungua, anapuliza vumbi, redio inaongea. Akaja hapa Kathonzweni na spika moja kubwa, anaisukuma kwa wilbaro, na leo ndiye mtu wa mitambo wa kanisa letu. Maikrofoni ni yeye, kamera ni yeye, na ile kazi ya kuonyesha mazishi kwa mtandao, watu walio mbali waone, ni yeye. Waya zake anazikunja vizuri kuliko vile wanawake wengine wanakunja nguo. Hiyo nampa.

Tena ni mtu ameumia. Mama yake alikufa yeye akiwa huko Kiboko, anafunga spika za mazishi ya watu wengine, simu iko kwa chaji. Kufika, mama ameshafunikwa shuka. Huyo ndiye angejua uchungu huo kuliko sisi wote.

Sasa sikia. Binti yangu Ndunge yuko Qatar, anaangalia mama mzee wa watu. Sikutaka aende, na nilimwambia kwa mdomo huu, na mdomo huu haujapakwa asali. Akaenda. Kiema alipougua, ni Ndunge aliyepanga tuwekewe wifi, ile router nyeupe juu ya kabati, awe anamwona babake. Kila saa kumi nilikuwa namwinua Kiema na mto, namshikia simu, wanaonana. Hawakuwa na maneno mengi. Umekula, nau, baba yangu? Nimekula. Na hajala.

Kiema akaenda mwezi wa nane. Mwenye kazi akamnyima Ndunge ruhusa. Akaniambia, "Mama, hata kama ni kwa simu, nimwone tu akishuka kaburini." Musyimi akasema hiyo si shida, akamtumia link.

Siku yenyewe nilipanga nyumba mapema. Vitambaa vyangu nilivyoshona na mkono nilikuwa nimeviosha, nikavitandika kwa viti, kwa meza, kwa TV, na hiyo router pia nikaifunika. Watu wanaingia nyumba ya msiba, kitu kitakaaje uchi?

Saa tano jeneza limetoka. Musyimi yuko chini ya hema na laptop yake, anaiinua juu, anaigeuza huku na huku, jasho linamtoka. Akaingia ndani mbio. Akachomoa waya wa router, akahesabu mpaka kumi, akarudisha. Akatoka. Laptop imekataa. Akarudi, akachomoa tena, akatoka, imekataa. Mara ya tatu ndio macho yake yakashika kitambaa.

"Mwaitu, mama yangu, nani amefunika hii kitu?"

"Ni mimi."

"Basi umeiua. Imeshika joto."

"Imekufaje na taa zinawaka?"

"Taa si network, Mwaitu. Niachie kazi yangu."

Nikamwonyesha dirishani. Vijana walikuwa wameegemea ukuta wangu, wameshika wifi hiyo hiyo, wanacheka na simu zao. "Na hao wanakunywa network ya wapi?"

Hakuangalia. Mtu mwingine akasema tumieni simu basi. Musyimi akajibu kamera imefungwa kwa laptop, na Ndunge anangoja kwa link ya laptop, simu haiwezi. Pasta akasema jua ni kali, watu hawawezi kungoja mtambo.

Ndipo Musyimi akachukua maikrofoni. "Tunaomba radhi. Watu wetu wa nje hawatuoni. Mama alifunika router na kitambaa, ikaungua."

Wengine wakacheka. Mazishi ya bwanangu, wakacheka. Halafu wakamshusha Kiema.

Ndunge alikuwa amejifungia ndani ya choo cha mwenye kazi huko Qatar, anaangalia kale kaduara kanazunguka kwa simu. Binamu zake wakamwambia ni mimi. Jioni akanipigia.

"Hukutaka niende, Mama. Na sasa umenikataza kumwona."

"Si mimi, Ndunge."

"Basi ni nani?"

Mtu wa darasa la tatu atabishana vipi na mtu wa mitambo? Akakata simu. Kutoka hapo salamu zake nilikuwa nazipata kwa binamu zake. Nikipiga, inalia mpaka inachoka.

Mwaka huu, mwezi wa pili, nilienda kwa Kanyiva, yule mwenye cyber ya kompyuta hapa sokoni, anijazie fomu ya pesa za wazee za serikali. Akafungua laptop. Haishiki wifi. Akaangalia router, akaizima, akaiwasha.

Nikamwambia, "Usiniangalie. Sijafunika kitu."

Akacheka, akaniita nyanya kwa Kikamba. "Susu, router iko sawa, hata simu yangu imeshika. Ni hii laptop." Akailaza kwa ubavu, akasukuma kitu kidogo hapo pembeni na ukucha, taa nyekundu ikageuka buluu. "Unaona? Iko na swichi ya kuzima wifi. Imelegea. Ukiisukuma kwa begi inajizima yenyewe. Musyimi wa mitambo ndiye alinionyesha, wakati ananiachia hii laptop yake ya zamani. Ilimwaibisha mazishini, kwa boma fulani huko chini. Ati swichi aliiona jioni akifungasha, na ameshalaumu mama wa boma kwa maikrofoni!"

Anacheka tu, maskini, hajui.

"Ni mimi huyo mama," nikasema.

Kanyiva akaweka mkono kwa mdomo. Fomu ikabaki hapo. Nikatoka.

Nilimkuta kanisani, anapanga spika za Jumapili. Sikupiga kelele. Nilimwambia neno moja: "Swichi."

Akakaa chini kwa benchi. "Mwaitu, niliogopa. Pasta alikuwa amesikia, watu wamesikia. Nilisema nitakuja kukuambia. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Nikaona aibu ya kuchelewa imekuwa kubwa kuliko ile ya kwanza."

"Aibu yako ulinipa mimi nikubebee?"

Akaanza kukunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa.

"Mpigie Ndunge. Na simu yako."

Ndunge akashika mara ya kwanza tu. Haikuwa namba yangu, ndio maana akashika. Uso wake kwa kioo cha simu umekonda.

"Ndunge, ni Musyimi wa mitambo. Mamako hakufanya kitu siku ile. Router haikuungua. Ni swichi ya laptop yangu ilikuwa imezimika. Niliiona jioni ile ile, nikanyamaza."

"Jioni ile ile?"

"Ndio."

"Na kesho yake ulinitumia pole."

"Ndio, Ndunge."

Picha ikageuka, tukaona dari tu, nikafikiri network imekatika tena. Halafu akasema, "Mpe Mama."

Nikashika simu. Nilikuwa na maneno ya miaka mitatu, nimeyapanga, mengine ni makali. Sikusema hata moja. Yeye ndiye alianza.

"Mama, alivalishwa koti gani?"

"Ya kijivu. Ile ya kahawia ilimwagikiwa dawa."

"Nani alibeba upande wa kichwa?"

Nikamwambia. Nikamwambia wimbo gani uliimbwa, na pasta alisoma nini, na vile kamba moja ilitaka kuteleza wakishusha, na vile nilisimama bila kulia kwa sababu watu walikuwa wananiangalia kama mwizi. Anauliza, najibu. Musyimi akainuka pole pole, anataka kutoka.

"Kaa chini," nikamwambia. "Na wewe sikiza."

Akakaa.

"Na udongo, Mama? Kuna mtu alinitupia wangu?"

Ningeweza kumdanganya. "Hapana, Ndunge. Hakuna mtu alikumbuka."

Hapo ndio akalia, na mimi nikalia, katikati ya waya za watu, na Musyimi ameinamisha kichwa na simu yake iko kwa mkono wangu. Sikumrudishia mpaka mtoto wangu alipomaliza.